Mshumaa kuwaka si ushahidi kwamba hewa ya chumbani ni salama

Mwaka juzi mwezi wa saba nilipanda Kibosho kumsalimia binamu yangu aliyekuwa amejifungua. Wanaoijua Kibosho ya mwezi wa saba hawahitaji maelezo. Mchana mjini Moshi unaweza kutembea bila sweta, lakini ukishika barabara ya kupanda, baridi inaongezeka kijiji kwa kijiji. Ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, na ikifika saa kumi na mbili jioni kila mtu yuko ndani.

Nilimkuta mzazi kitandani na bakuli la mtori mkononi. Bibi yetu alikuwa amempakata mtoto. Dirisha lilikuwa limefungwa, chini ya mlango wameziba na kanga kuukuu, na katikati ya chumba jiko la mkaa lilikuwa limekolea vizuri, jekundu. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, kwa hiyo pembeni ya kitanda kulikuwa na mshumaa juu ya sahani ya bati.

Nikauliza kwa upole, "Bibi, hili jiko humu ndani halina hatari?"

Bibi hakukasirika. Alinionyesha mshumaa kwa kidevu. "Mjukuu wangu, unauona ule? Hewa ikiisha, utazimika wenyewe. Maadamu unawaka, na sisi tunapumua."

Mimi niliyesoma hadi chuo kikuu, na ninayeandika habari za afya kila wiki, nilinyamaza. Sehemu ya ukimya ule ilikuwa heshima. Sehemu nyingine, niseme ukweli, ni kwamba jibu la bibi lilinishawishi. Hata shuleni tulifundishwa kwamba moto hauwaki bila oksijeni.

Baada ya nusu saa kichwa kilianza kunigonga. Binamu akasema chake kinamuuma siku ya tatu sasa, na kwamba anasikia kichefuchefu. Wote tukasema ni uchovu wa uzazi. Bibi naye alikuwa akilalamika kizunguzungu, akadhani ni presha. Nikatoka nje kupokea simu. Nilipoongea kama robo saa kwenye baridi, kichwa kikapoa. Niliporudi ndani, kikaanza upya. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba watu watatu tulikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo unabaki chumbani ukitoka nje.

Mshumaa ulikuwa bado unawaka, umesimama wima.

Ndugu msomaji, miezi ya baridi imefika tena, na najua kuna nyumba nyingi kuanzia Machame hadi Rombo ambako jiko litaingizwa ndani usiku wa leo. Kwa hiyo wiki hii naomba tuuangalie mshumaa kwa makini: unawakaje, unatuambia nini kuhusu hewa, na ni kitu gani hauwezi kutuambia kamwe.

Kinachoungua si utambi

Wengi tunadhani mshumaa ni utambi unaoungua na nta ipo kuushikilia tu. Kinyume chake ndicho sahihi. Utambi ni bomba. Moto unayeyusha nta iliyo karibu, nta ya maji inapanda kwenye nyuzi za utambi kama chai inavyopanda kwenye kipande cha mkate ulichochovya ncha yake. Ikifika juu joto linaigeuza kuwa mvuke, na huo mvuke ndio unaoungua.

Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe. Zima mshumaa uliowaka kwa muda, utaona moshi mweupe ukipanda kutoka kwenye utambi. Ule ni mvuke wa nta unaopoa. Ukiusogezea njiti ya kiberiti inayowaka mara moja, kabla haujatawanyika, moto utarukia na kushuka hadi kwenye utambi bila njiti kuugusa.

Sasa angalia rangi. Chini kabisa ya mwali wa moto kuna bluu, kwa sababu hapo hewa safi inaingia kwa wingi na mvuke unaungua vizuri. Juu yake kuna njano, sehemu kubwa na yenye mwanga. Njano hiyo ni chembe ndogo sana za masizi zinazong'aa kwa joto, kama mkaa unavyong'aa. Pitisha kijiko katikati ya njano, kitatoka cheusi. Masizi hayo huungua yakifika ukingoni mwa mwali, penye hewa ya kutosha. Mshumaa ukipigwa na upepo au utambi ukiwa mrefu mno, hayaungui yote, ndiyo maana dari na chandarua huwa vyeusi.

Kanuni hiyo inakusaidia jikoni pia. Jiko la gesi likiwaka bluu, gesi inaungua vizuri. Likianza kuwaka njano na sufuria kuwa nyeusi chini, hewa haichanganyiki na gesi inavyotakiwa; lisafishwe au liangaliwe na fundi.

Mtu aliyeyaeleza haya vizuri kuliko wengi ni Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyekuja kuwa mwanasayansi mkubwa wa Uingereza. Alitoa mfululizo wa mihadhara kwa vijana jijini London kuhusu mshumaa mmoja tu, kwanza mwaka 1848 na tena Krismasi ya mwaka 1860. Aliamini kwamba anayeuelewa mshumaa ameufungua mlango wa sayansi yote.

Kwa nini mwali husimama

Hewa ikipata moto huwa nyepesi na kupanda. Inapopanda, hewa baridi inaingia kutoka chini kuchukua nafasi yake, ikiuletea moto oksijeni mpya. Mkondo huo usiokoma ndio unaouvuta mwali na kuupa umbo la tone. Mwali ukiinama au kuchezacheza, maana yake kuna upepo unaopenya mahali fulani, mlangoni au chini ya bati. Si mgeni anakuja wala si roho inapita.

Wanaanga walipowasha mshumaa kwenye chombo kinachozunguka dunia, miaka ya 1990, mwali ulikuwa wa duara na wa bluu hafifu. Kule ndani vitu vinaelea, hakuna juu wala chini, kwa hiyo hewa ya moto haijui ipande wapi.

Hapo pana jambo la kukumbuka kuhusu chumba cha bibi. Mwali uliosimama wima bila kutikisika maana yake ni kwamba hakuna upepo unaoingia. Sisi tuliuona ni dalili ya usalama, kumbe ulikuwa unatuambia kwamba chumba kimezibwa.

Mshumaa ukipanda mlima

Watu wa hapa tunaishi chini ya mlima ambao wageni huja kuupanda, na wengi huniuliza kama moto unawaka kule juu. Unawaka. Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895, oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, sawasawa na sokoni Moshi. Kilichopungua ni hewa yenyewe: mgandamizo wake ni karibu nusu ya ule wa pwani. Kwa hiyo kila pumzi unayovuta ina oksijeni karibu nusu.

Mwaka 1859 mkemia wa Kiingereza, Edward Frankland, alibeba mishumaa hadi juu ya mlima Mont Blanc, Ulaya, na kulinganisha na ilivyowaka bondeni. Nta iliyoungua kwa saa moja ilikuwa karibu sawa, lakini mwanga wa juu ulikuwa hafifu zaidi. Hewa ikipungua mgandamizo, masizi yanayotengenezwa ndani ya mwali hupungua, na masizi ndiyo yanayotoa mwanga.

Angalia tofauti iliyopo: kwenye mwinuko ambako binadamu anahema, anatapika na wakati mwingine anahitaji kushushwa haraka, mshumaa unaendelea kula nta yake kama kawaida. Mshumaa na binadamu wote wanatumia oksijeni, lakini hawana mahitaji yale yale. Wapagazi wetu, wale tunaowaita wagumu, walijue hili hasa wanaposhawishika kuwasha jiko ndani ya hema kwa ajili ya baridi. Mwili uliokwishapungukiwa oksijeni hauna akiba ya kupoteza.

Jaribio la glasi

Wengi tulilifanya shule ya msingi. Unasimamisha mshumaa kwenye sahani yenye maji, unauwasha, unaufunika kwa glasi. Baada ya muda mfupi unazimika na maji yanapanda ndani ya glasi. Tukaambiwa oksijeni imekwisha, na maji yamechukua nafasi yake.

Maelezo hayo yana makosa mawili. Kwanza, maji hupanda hasa kwa sababu hewa iliyopashwa moto inapoa na kunywea mara mwali unapozimika. Pili, oksijeni haijaisha. Mshumaa huzimika oksijeni inaposhuka hadi karibu asilimia 16. Yaani unakata tamaa wakati sehemu kubwa ya oksijeni bado ipo.

Kwa hiyo bibi alikuwa na hoja. Mahali ambapo oksijeni imepungua sana, kama kwenye shimo refu, moto unaweza kuzimika na kukuonya. Lakini hatari ya chumba chenye jiko la mkaa kwa kawaida si kwisha kwa oksijeni. Ni kuingia kwa kitu kingine.

Hewa ambayo mshumaa hauitambui

Mkaa ni kaboni. Ukiungua kwa hewa ya kutosha hutoa kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo tunayoitoa tunapopumua. Lakini katikati ya jiko, mkaa umebanana na hewa ni chache. Kaboni dayoksaidi inayopita juu ya mkaa mwekundu hupokonywa sehemu ya oksijeni yake na kugeuka kaboni monoksaidi. Hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho.

Ikiingia kwenye mapafu, hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, kifua kinaendelea kupanda na kushuka, lakini mzigo uliobebwa siyo ule ubongo na moyo vinaoungojea. Ikifika sehemu mbili tu katika kila sehemu elfu moja za hewa ya chumba, inaweza kumuua mtu mzima kwa muda wa saa moja hivi.

Sasa piga hesabu. Sehemu mbili katika elfu ni asilimia 0.2. Oksijeni chumbani inaweza kuwa bado asilimia 20, na mshumaa unahitaji zaidi ya 16 tu. Mshumaa utaendelea kuwaka vizuri na utaangaza chumba ambamo hakuna anayeamka.

Watoto wachanga hupumua haraka kuliko sisi, hivyo hewa hiyo huwafikia upesi. Mjamzito naye yuko hatarini mara mbili, maana damu ya mtoto aliye tumboni huishika sumu hiyo kwa nguvu kuliko damu ya mama, na huchelewa kuiachia.

Kuna mambo matatu tunayoyaamini ambayo hayasaidii. La kwanza ni kusubiri mkaa ukolee ndipo uingize jiko. Moshi umeisha, ni kweli, lakini mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa sumu hii. La pili ni kuweka beseni la maji karibu na jiko. Kaboni monoksaidi haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kusaidia. La tatu ni kufunika mkaa kwa majivu ili uwake polepole usiku kucha. Hapo umeupunguzia hewa, na mkaa wenye hewa kidogo ndio unaotoa sumu zaidi.

Utaijuaje, na ufanye nini

Dalili zake ni kama za malaria au mafua: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa. Ndiyo maana watu humeza dawa za maumivu na kurudi kulala kando ya jiko. Jiulize maswali mawili. Je, zaidi ya mtu mmoja nyumbani anaumwa hivyo hivyo? Je, ukitoka nje unapata nafuu? Kama jibu ni ndiyo, usitafute malaria kabla hujalitoa jiko.

Fungua milango na madirisha, toa watu wote nje, wapeleke hospitali hata kama wameanza kupata nafuu, hasa mtoto, mjamzito, mzee na yeyote aliyezimia. Tiba yake ni oksijeni inayotolewa kwa barakoa. Huisukuma sumu itoke kwenye damu haraka kuliko hewa ya kawaida. Na mwambie daktari mapema, "Tulikuwa na jiko la mkaa ndani." Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini.

Kwa mtoto mchanga, joto bora halitoki kwenye mkaa. Mweke kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Mvalishe kofia na soksi. Usimwogeshe kabla ya saa 24 tangu azaliwe, na baada ya hapo mwogeshe mchana jua likiwepo, maji yapashwe moto nje au jikoni. Kitanda unaweza kukipasha kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ukaiondoa kabla ya kumlaza.

Mshumaa nao ukae mahali pake

Nisieleweke kwamba mshumaa hauna lawama. Hapa Kilimanjaro hatujasahau Juni 1994, moto ulipoteketeza bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga na wasichana wapatao 40 wakapoteza maisha. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa bwenini katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, na moto ule ulihusishwa na mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea usiku.

Usiubandike mshumaa juu ya kopo la plastiki, meza ya mbao au ukingo wa kitanda. Uweke kwenye sahani pana ya bati yenye mchanga au maji kidogo, mbali na pazia na chandarua, mahali mtoto hafiki. Punguza utambi ukirefuka. Na usingizi ukikujia, zima kabla hujalala, usiseme utaisha wenyewe. Moto ukizidi nguvu zenu, tokeni nje kwanza, kisha pigeni 114 kuwaita Zimamoto.

Nilivyoongea na bibi

Usiku ule nilifungua dirisha na kulibeba jiko hadi barazani. Binamu alifunikwa blanketi la pili, mtoto akawekwa kifuani kwake. Asubuhi tuliwapeleka hospitali wakaangaliwa, wakaonekana wazima. Leo ningewapeleka usiku ule ule bila kungoja kuche, na ninawashauri msifanye kama mimi.

Bibi alinuna kidogo. Kunyang'anywa jiko na mjukuu ambaye hajawahi kulea si jambo dogo. Jioni ya pili nilimkuta barazani akiwasha mkaa, nikachuchumaa karibu naye. Giza lilikuwa linaingia, na juu ya mkaa vilikuwa vinacheza vile vimiali vya bluu ambavyo kila aliyewahi kupika kwa mkaa anavijua.

"Bibi, unaviona hivi vya bluu?"

"Mkaa haujakolea," akasema.

"Hiyo ndiyo hewa yenyewe ninayoisema. Ile inayoua. Hapa inaungua, ndiyo maana tunaiona. Nyingine inapita bila kuungua, hiyo hatuioni."

Akaangalia kwa muda. Nikaendelea, "Sasa mshumaa utaiogopaje, bibi, wakati kwa moto hii ni kuni?"

Hakunijibu. Alipepea jiko mpaka likakolea, akabandika maji ya kumwogeshea mtoto. Maji yalipochemka aliyabeba ndani, jiko akaliacha nje. Aliporudi aliniambia niingie nikae na mzazi, na nikiona mtu yeyote anaingiza mkaa mle ndani nimwambie bibi amekataa.

Tangu siku hiyo, katika nyumba ile ni amri ya bibi, si sayansi ya mjukuu. Mimi sina ubishi. Kama na kwenu kuna mama, shangazi au bibi ambaye neno lake ndilo sheria, msomee ukurasa huu jioni ya leo kabla jiko halijaingia ndani.